Kizazi Kilichokwisha Kupita

Ahadi ni deni, na deni lina mambo matatu: mwenye kudai, mwenye kudaiwa, na muda. Aahidiye bila ya kutaja muda aweza kusubiriwa hata milele, wala hapana wa kumwita mwongo. Lakini aliyesema kwamba atalipa kabla ya kaskazi kugeuka kusi, kisha kusi ikavuma, na kaskazi ikarudi, na miaka ikapita, huyo hana budi kuulizwa. Wala haifai atokee mtu wa kumtetea akasema kwamba kaskazi iliyokusudiwa ilikuwa ya aina nyengine.

Hiyo ndiyo hali ya mafundisho ya Wakristo wa mwanzo juu ya mwisho wa dunia. Leo husomwa na kuhubiriwa kana kwamba tangu awali yalikuwa ni ahadi isiyo na tarehe, yenye kungoja kizazi chochote kitakachojaaliwa kuishi katika siku hizo. Sivyo yalivyo. Yalikuwa na muda, muda huo ulikuwa ni uhai wa watu waliokuwa wakiyasikiliza, muda ukapita, na maandiko yenyewe, yakipangwa kwa miaka ya kuandikwa kwake, yanaonyesha mikono iliyokuwa ikiisogeza tarehe mbele. Kwa hiyo, hata kama mafundisho hayo ni faraja, au maombolezo, au ushairi wa daraja ya juu, si elimu ya kutegemewa juu ya siku zijazo. Anayeyauza kwa jina hilo anauza saa iliyokwisha kusimama.

Isidhaniwe kwamba hoja hii imeelekezwa kwa Wakristo, au kwa imani yao katika Mungu. Wengi wa waliolichunguza jambo hili kwa undani ni Wakristo wenyewe, na ushahidi wote utakaotajwa hapa umehifadhiwa na Kanisa. Linaloshitakiwa ni dai moja tu: kwamba Wakristo wa kwanza walijua namna na wakati wa kwisha kwa ulimwengu, na kwamba ujuzi wao umetufikia ukiwa mzima. Dai hilo linawagharimu watu mashamba yao, na mara nyengine roho zao; kwa hivyo linastahiki kupimwa.

Walioshangazwa na kifo

Maandishi ya Kikristo ya kale kuliko yote yaliyosalia si Injili, bali ni barua za Paulo. Na ya kwanza katika hizo, kwa rai ya wataalamu walio wengi, ni Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike, ulioandikwa yapata mwaka 50, miaka ishirini hivi baada ya kusulubiwa Yesu. Msomaji atazame shida iliyousababisha. Baadhi ya waumini wa Thesalonike walikuwa wamefariki, na waliobaki walifadhaika: Bwana atakapokuja, je, hawa waliotangulia watakuwa wamekosa? Swali hilo haliulizwi na watu wanaotarajia kufa. Huulizwa na watu waliofundishwa kwamba wataliona tukio lenyewe kwa macho yao, kisha kifo kikawaingilia kama mgeni asiyealikwa.

Jawabu ya Paulo haikuwa kuwaambia kwamba walimfahamu vibaya. Aliwaambia kwamba wafu watafufuliwa kwanza, kisha wale walio hai watanyakuliwa pamoja nao mawinguni. Na katika hao walio hai alijitia yeye mwenyewe. Kiswahili kina viambishi vya nafsi visivyoficha kitu, na kwa hivyo kinalidhihirisha hili vizuri kuliko lugha nyingi: kiambishi alichokitumia Paulo ni cha "tu", si cha "wa". Miaka michache baadaye, akiwaandikia Wakorintho, alishikilia hayo hayo: si wote watakaolala. Akaongeza nasaha za maisha zilizojengwa juu ya msingi huo: wakati umefupishwa, basi mwenye mke na awe kama asiye naye, na mnunuzi awe kama asiyemiliki kitu. Hapana mtu apandaye mnazi akiwa amekwisha ambiwa kwamba kisiwa kitazama kesho. Nasaha kama hizi zina maana kwa anayeamini kwamba kesho hiyo ni karibu. Akitokea wa kuzifuata kwa miaka elfu mbili, hapatakuwa na mtu wa kumrithi.

Watetezi husema kwamba Paulo hakutaja tarehe, kwa kuwa alifundisha kwamba siku hiyo itakuja ghafla kama mwizi wa usiku. Ni kweli. Lakini kutojua saa si kutojua majira. Paulo mwenyewe aliifananisha siku hiyo na uchungu wa uzazi. Mja mzito hajui saa ya uchungu kumshika, na hata hivyo anajua kwamba hatobeba mimba hiyo mpaka wajukuu wake wazeeke.

Neno "kizazi"

Injili ya Marko, ambayo kwa kawaida huwekwa karibu na mwaka 70, na ya Mathayo iliyoifuata, zimemnukuu Yesu akisema mambo matatu yanayokwenda njia moja. Baadhi ya waliosimama mbele yake hawataonja mauti kabla ya kuuona ufalme ukija. Wanafunzi hawataimaliza miji ya Israeli kabla Mwana wa Adamu hajafika. Na kizazi hicho hakitapita hata hayo yote yatimie. Juu ya maneno haya yamejengwa maboma matatu ya utetezi, na kila moja lafaa kuzungukwa na kutazamwa.

Boma la kwanza ni la lugha. Husemwa kwamba neno la Kiyunani, genea, halina maana ya watu wa zama moja, bali maana yake ni kabila au taifa. Basi lililoahidiwa ni kwamba Wayahudi hawatatoweka. Mwenye kazi ya kufasiri anajua dawa ya hoja kama hii: kulitafuta neno hilo katika kitabu kile kile, kuona mwandishi amelitumiaje pengine. Mathayo analitumia anapohesabu vizazi kumi na vinne tangu Ibrahimu hadi Daudi. Analitumia Yesu anapowafananisha watu wa zama zake na watoto waliokaa masokoni. Analitumia anapowakemea wale waliotaka ishara. Analitumia anaposema kwamba damu ya manabii itadaiwa kwa hao walio mbele yake. Kote humo maana ni moja. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952 waliweka "kizazi", na waliweka sawasawa. Neno likibadilishwa maana katika aya moja tu, na aya hiyo ikawa ndiyo pekee inayotia aibu, huo si ufasiri tena. Ni kumfichia mdaiwa hati.

Boma la pili husema kwamba ahadi ya kuuona ufalme kabla ya mauti ilitimia siku sita baadaye, pale Yesu alipogeuka sura mlimani mbele ya wanafunzi watatu. Na aulizwe mwenye hoja hii: ni kiongozi gani atakayeukusanya umma, kisha awatangazie kwa uzito kwamba baadhi yao watakuwa bado wahai wiki ijayo?

Boma la tatu ndilo lenye nguvu, na limejengwa na watu wa elimu, akiwamo Mwingereza N. T. Wright. Wao husema kwamba maneno yale yalihusu kubomolewa kwa Yerusalemu na Hekalu lake, jambo lililofanywa na majeshi ya Titus mwaka 70, ndani ya kizazi kile kile. Na kwamba habari za jua kutiwa giza na nyota kuanguka ni lugha ya manabii wa kale, waliozoea kuielezea kwa picha hizo dola inapoanguka. Hapana budi kukubali kwamba Hekalu lilianguka kweli, na kwamba manabii waliitumia lugha hiyo. Lakini Mathayo, baada ya kuitaja dhiki ile, ameweka neno lenye maana ya "mara": mara baada ya hayo litaonekana ishara ya Mwana wa Adamu, na malaika watawakusanya wateule kutoka pande nne za dunia. Ikiwa mkusanyiko huo haukutokea, muda umepita. Na ikiwa ulitokea kwa maana ya ndani, mwaka ule wa 70, basi maneno yale yamekwisha kazi yake na hayana lililobaki kwa ajili ya kesho. Mhubiri hawezi kusema asubuhi kwamba unabii ulitimia mbele ya Titus, na jioni akausoma tena kama khabari ya vita vya wiki hii. Mshika mawili moja humponyoka.

Mikono iliyosogeza tarehe

Lau kama mafundisho haya hayakuwa na muda, kupita kwa miaka kusingeyagusa. Lakini yaligusika, na alama zingalipo.

Luka, aliyeandika baada ya Marko na kumtumia, alikiandika upya kile kitabu kidogo cha mwisho wa dunia kilichomo katika mlango wa 13 wa Marko. Baina ya kuanguka kwa Yerusalemu na mwisho wa yote alitia kipindi kisichokuwamo kwa mwenziwe, nacho ni majira ya Mataifa, yasiyotajwa urefu. Alisimulia pia kwamba Yesu alitoa mfano mmoja makhsusi kwa sababu watu walidhani ufalme utadhihiri papo hapo. La ajabu zaidi ni hili: katika Injili ya Marko, mahubiri ya kwanza kabisa ya Yesu ni kwamba wakati umetimia na ufalme umekaribia, kwa Luka, wasemao kwamba wakati umekaribia wameingizwa miongoni mwa walaghai wa kuepukwa. Ujumbe wa bwana umekuwa kauli ya wapotofu, katika muda wa miaka isiyozidi sana ishirini.

Katika mlango wa mwisho wa Injili ya Yohana imo aya yenye huzuni iliyofichika. Ulikuwa umeenea uvumi baina ya ndugu kwamba mwanafunzi aliyependwa na Yesu hatakufa hata Bwana arudi. Mwandishi anausahihisha kwa uangalifu wa kadhi mbele ya hati: Yesu hakusema kwamba mtu huyo hatakufa, alisema tu, ikiwa apenda abaki, wahusikani nini? Kwa nini kusahihisha uvumi? Kwa sababu mwanafunzi yule, wa mwisho katika kizazi kile, ama alikuwa amekufa, ama alikuwa anakufa; na waliokuwa wakiihesabu miaka kwa uhai wake walibaki bila ya kitu cha kuhesabia.

Waraka wa Pili kwa Wathesalonike, ambao wataalamu wengi wanatilia shaka kwamba umetoka kwa Paulo, unawatuliza watu kwa kuwapangia mambo ambayo lazima yatangulie, ilhali ule wa kwanza ulisema siku itakuja ghafla. Na Waraka wa Pili wa Petro, unaohesabiwa na wengi kuwa miongoni mwa maandiko ya mwisho kuandikwa katika Agano Jipya, unakiri waziwazi lililokuwa likinong'onwa. Wapo wenye kudhihaki, unasema, wanaouliza iko wapi ile ahadi ya kuja kwake, maana tangu mababa walipolala mambo ni yale yale. Swali lilikuwa la haki. Jawabu ilikuwa kwamba mbele ya Mungu siku moja ni kama miaka elfu.

Hapa mpenzi wa mashairi na asimame kidogo. Tashbihi hiyo imetoka katika Zaburi ya 90, na katika Zaburi haizungumzii tarehe kabisa. Ni kilio cha mwanadamu aliyejiona mfupi kama majani ya asubuhi mbele ya Mola asiye na mwanzo. Petro wa waraka huu aliichukua akaifanya udhuru wa kuchelewa. Na waliomfuata wakafanya baya zaidi: wakaifanya jedwali. Ikiwa siku ni miaka elfu, na ulimwengu uliumbwa kwa siku sita, basi ulimwengu utadumu miaka elfu sita. Hippolytus wa Roma, mwanzoni mwa karne ya 3, alikokotoa kwamba Yesu alizaliwa mwaka wa 5500 tangu kuumbwa dunia, na kwa hivyo mwisho utakuwa karibu na mwaka 500. Mwaka 500 ulifika, ukapita, na wavuvi wa Roma wakatweka matanga kama kawaida. Hii ndiyo ajali ya shairi linapoangukia mikononi mwa mtu asiyejua kwamba ni shairi.

Hesabu ya abjadi

Kitabu cha Ufunuo kinatajwa kuwa ndicho nguzo ya mafundisho yote haya, na kwa hivyo hakina budi kusomwa kama kilivyoandikwa. Mwanzoni mwake, na tena mwishoni, kinasema kwamba mambo yake yatakuwa upesi. Katika kitabu cha Danieli, nabii aliamriwa ayatie muhuri maono yake kwa kuwa ni ya siku za mbali. Mwandishi wa Ufunuo, ambaye kwa ushahidi wa Irenaeus aliandika katika siku za mwisho za Kaisari Domitian, yaani karibu na mwaka 95, aliamriwa kinyume chake: asitie muhuri, kwa kuwa wakati u karibu. Hapana njia ya kusema kwa uwazi kuliko huo kwamba kitabu kiliandikwa kwa ajili ya waliokisoma wakati ule.

Na namba ya mnyama? Watu wa pwani waliosomeshwa abjadi chuoni hawahitaji mtu wa kuwafumbulia. Jina la Kaisari Nero, likiandikwa kwa herufi za Kiebrania kwa matamshi ya Kiyunani, lina nuni ya 50, ra ya 200, wau ya 6 na nuni nyengine ya 50. Kisha kafu ya 100, herufi inayolingana na sini ya 60, na ra ya 200. Jumla ni 666. Tena ziko nakala za kale zenye namba 616. Irenaeus alizijua katika karne ya 2 na akazikataa, na kipande cha mafunjo kutoka Oxyrhynchus, Misri, kilichochapishwa mwaka 1999, kinayo namba hiyo hiyo. Likiandikwa jina hilo kwa matamshi ya Kilatini, nuni ya mwisho huanguka, na hamsini hupungua. Kitendawili kimeteguka kwa njia zote mbili. Aliyekusudiwa alikuwa mtesaji wa Roma, si mwingine. Na anayeitafuta namba hiyo leo katika kadi za benki anamtafuta maiti aliyezikwa mwaka 68.

Mtunzi na askofu

Huenda mtu akasema kwamba haya ni maneno ya wenye shaka wa zama hizi. Basi na atazame Misri ya karne ya 3. Katika jimbo la Arsinoe, linaloitwa leo Fayyum, alikuwako askofu jina lake Nepos, mtunzi wa nyimbo za ibada zilizopendwa na waumini. Nepos alifundisha kwamba ahadi za Ufunuo zitatimia kwa dhahiri yake, kwa ufalme wa miaka elfu wenye starehe za mwili hapa duniani, na alitunga kitabu dhidi ya wale waliozifasiri kwa maana ya ndani. Alipofariki, kitabu chake kilizipasua jamaa za vijijini.

Dionysius, askofu wa Iskandaria, alikwenda Arsinoe mwenyewe. Hakupeleka laana. Aliwaita wazee na waalimu wa vijiji, akaketi nao siku tatu mfululizo, tangu asubuhi hata jioni, wakikipitia kitabu cha Nepos hoja kwa hoja. Mwisho wake Korakion, kiongozi wa upande wa pili, alikubali hadharani kwamba ameshindwa na akaiacha itikadi ile. Dionysius alimsifu marehemu Nepos kwa imani yake na kwa nyimbo zake, kisha akasema kwamba ukweli unapendwa kuliko yeye.

Kisha akafanya lililo kubwa zaidi. Aliichukua lugha ya Ufunuo akaiweka kando ya lugha ya Injili ya Yohana: msamiati, mpangilio, nahau, sarufi. Akaona kwamba Injili imeandikwa kwa Kiyunani safi, ilhali Ufunuo una Kiyunani chenye makosa ya wazi. Akahukumu kwamba waandishi ni wawili. Hakukitupa kitabu, alisema tu kwamba kinapita ufahamu wake, na kwamba hakiwezi kufahamika kwa dhahiri. Huo ni uhakiki wa fasihi, umefanywa na askofu wa Kiafrika zaidi ya miaka 1700 iliyopita, na wataalamu walio wengi leo wanaikubali hukumu yake juu ya waandishi.

Wala hakuwa peke yake. Justin, aliyeuawa kwa ajili ya imani yake katika karne ya 2, aliuamini ufalme wa miaka elfu, lakini alikiri kwamba wapo Wakristo wengi wachamungu wasiouamini. Eusebius, mwanahistoria wa Kanisa, alimwita Papias, mmoja wa waenezaji wa kwanza wa itikadi hiyo, kuwa mtu wa akili ndogo. Biblia ya Kisiria ya kale, Peshitta, haikuwa na Ufunuo wala Waraka wa Pili wa Petro. Na Augustine wa Hippo, katika Algeria ya leo, aliyekuwa amewahi kuamini ufalme wa miaka elfu kwa dhahiri yake, aliugeuza katika karne ya 5 kuwa ndio zama za Kanisa lenyewe. Basi anayesema kwamba anafundisha yale yaliyofundishwa tangu mwanzo aulizwe: ya nani? Ya Nepos au ya Dionysius? Ya Paulo wa mwaka 50, au ya Petro wa miongo mingi baadaye?

Waliolipa

Gharama ya kutouliza imejulikana tangu zamani. Hippolytus yule yule, pamoja na jedwali lake, alisimulia visa viwili vya zama zake. Kiongozi mmoja wa kanisa huko Siria aliwatoa watu, wanawake na watoto wakiwamo, wakaenda jangwani kumlaki Kristo. Walitangatanga milimani, na liwali nusura awaue kwa kuwadhani ni wanyang'anyi. Waliokolewa kwa kuwa mke wa liwali alikuwa muumini. Mwengine, huko Ponto, aliota ndoto akatangaza kwamba hukumu itafika ndani ya mwaka mmoja. Watu wakaacha kulima, na wengi wakauza walivyonavyo. Mwaka ulipokwisha, wasichana waliolewa, wanaume wakarudi mashambani, na waliouza vitu vyao wakaonekana wakiomba.

Kabla ya hapo, katika Frigia, alikuwako Maximilla, nabii wa kundi la Montanus, aliyetabiri vita na machafuko na kufundisha kwamba baada yake hakuna unabii ila mwisho. Mkristo mmoja aliyeandika dhidi yake alitumia hoja isiyohitaji elimu yoyote: ni zaidi ya miaka kumi na mitatu tangu afe, na hapana vita vilivyotokea. Laiti kila kizazi kingekuwa na mtu mmoja wa kuhesabu miaka kwa utulivu kama huyo. Wafuasi wa William Miller, Marekani, waliingoja tarehe 22 Oktoba 1844, na asubuhi ya tarehe 23 wakaamka wakilia.

Hao walibaki hai. Huko Kanungu, Uganda, mamia ya watu wa kundi moja lililokuwa likihubiri mwisho wa dunia walikufa mwaka 2000. Wengi waliteketea kwa moto kanisani tarehe 17 Machi, na maiti nyengine zikafukuliwa mashimoni. Na mwaka 2023 mauti yalifika pwani. Katika msitu wa Shakahola, bara ya Malindi, zilifukuliwa maiti zaidi ya mia nne, za watoto wengi miongoni mwao. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa. Walikuwa wameambiwa kwamba mwisho umekaribia na kwamba kufunga ndiyo njia ya kukutana na Yesu. Mahakama ina kazi yake kwa waliotuhumiwa. Lakini ipo lawama nyengine isiyofika mahakamani: ya waalimu wenye elimu, waliosoma vyuoni kwamba Paulo alitaraji kuwa hai siku ile, kisha wakanyamaza mimbarini kwa kuchelea kuwatia watu wasiwasi. Wasiwasi haujapata kumuua mtoto kwa njaa.

Na isisemwe kwamba hili ni pungufu la upande mmoja wa kibla. Al-Suyuti, mwanachuoni mkubwa wa Misri aliyefariki mwaka 1505, alitunga risala nzima kuonyesha kwamba umma wa Kiislamu utapindukia miaka elfu ya Hijra lakini hautapindukia elfu na mia tano, ilhali Qurani inafundisha kwamba ilimu ya Saa iko kwa Mungu peke yake. Uchu wa kutaka kujua tarehe hauna dini.

Watasema: ukiyakubali haya, imani imekwisha. Albert Schweitzer aliyakubali. Katika kitabu chake cha mwaka 1906 alionyesha, bila ya kupakapaka, kwamba Yesu aliutaraji mwisho katika zama zake na haukuja. Mwaka 1913 mtu huyo huyo alisafiri mpaka Lambaréné, Gabon, kuwatibu wagonjwa kwa jina la Yesu, na alirudi huko tena na tena hata alipofariki mwaka 1965. Aliacha kuingoja siku, akaanza kufunga vidonda.

Kwa hivyo linalodaiwa kwa wahubiri si kubwa. Kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba siku zimekwisha, na auze shamba, au amtoe mtoto skuli, au aache dawa, na wamsomee kwa sauti maandiko haya kwa mpangilio wa miaka yake: barua ya kwanza kwa Wathesalonike, Marko, Luka, aya ile ya mwisho wa Yohana, na Petro wa pili. Wasiongeze neno. Kisha wamwache msikilizaji ahesabu mwenyewe ni mara ngapi tarehe imesogezwa, na aamue kama atauza.